Yai la Saa Kumi na Moja

Yai likianza kuchemka hugonga sufuria. Tok. Halafu kimya. Halafu tok, tok. Ni sauti ndogo, lakini saa kumi na moja alfajiri, giza bado limejaa chumbani na majirani wa mtaa wetu wa Mbotela hawajaanza kukohoa, husikika kama mtu anayebisha mlango wa mbali. Nilikuwa nikikaa kwenye kistuli kando ya stovu, moto wa samawati ukiniangaza magoti tu, nikilisikiliza mpaka liive.

Yai moja kila siku. Daktari ndiye aliyesema.

Mwezi wa pili mwaka huo wa tisini na sita nilipasuliwa tumbo. Haukuwa uvimbe, wala hakuwa mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kilo mia moja na arobaini, sukari imepanda, na usiku pumzi ilikuwa ikikatika mpaka mume wangu Simiyu anitingishe ndipo nivute tena. Wakaja madaktari wageni katika hospitali moja mjini, wa kukaa wiki mbili, wakawa wanatafuta watu wa hali yangu. Nikachaguliwa. Walinikata tumbo, wakaacha kifuko kidogo juu, wakakiunganisha na utumbo wa chini.

"Sasa tumbo lako ni kama yai la kuku," mmoja wao aliniambia kupitia kwa nesi, akinipimia kwa vidole. "Kwa hivyo kila kinachoingia kiwe cha maana."

Kisha wakarudi kwao, wakaniachia karatasi.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa masomo ya jioni pale ukumbi wa kanisa, basi niliketi na kamusi nikaitafsiri mstari kwa mstari. Ilitaka nile jibini ya namna fulani, samaki wa mkebe, na nyama ya bata mzinga. Nilicheka peke yangu. Nani Mbotela anauza bata mzinga? Lakini katikati ya orodha hiyo kulikuwa na yai, na hilo halikuhitaji kamusi.

Shida ni kwamba sikuwa nikilila.

Nililelewa na nyanya yangu upande wa Kakamega. Kwake kuku na mayai vilikuwa vya wanaume na watoto wadogo. Msichana akianza kukua, yai linampita. Mke akionekana analila mbele ya mama mkwe, hiyo ni habari ya kufika mpaka mtoni. Hakuna aliyewahi kunipiga kwa ajili ya yai. Sikulitia tu mdomoni, kama vile mtu asivyotia paka mdomoni. Mwalimu wa jioni alitufundisha kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, nikaandika vizuri kwenye daftari, nikapewa alama zote. Lakini koo langu halikuhudhuria masomo ya jioni. Siku ya kwanza nilipojaribu, lilijifunga, nikalitema yai kwenye kiganja.

Basi kila alfajiri nilichemsha yai, nikalimenya, nikampa Vivian wangu wa miaka mitano kabla hajaenda nasari. Mimi nikanywa chai na kipande cha mkate. Kwenye kliniki waliponiuliza kama natumia mayai, nilijibu, "Kila siku napika." Na nilivyolisema, hata mimi nilijiamini.

Hakuna aliyeniambia kwamba wakikupunguza tumbo wanakupunguzia pia watu. Kwetu mtu hali peke yake. Sahani inawekwa katikati, mikono inaingia, mmoja anasimulia na mwingine anamkatiza akiwa na tonge shavuni. Mimi nilitakiwa nile mara sita kwa siku, vijiko vitatu vinne, nitafune mpaka kila kitu kiwe uji, nisinywe kitu mpaka nusu saa ipite. Nani atakaa nawe saa nne asubuhi akikuangalia unatafuna? Simiyu alikuwa zamu ya usiku kiwandani, Industrial Area. Alirudi saa moja macho mekundu, akala, akalala, na alipoamka nilikuwa nimeshakula sehemu yangu. Tulikuwa tukionana kama watu wa foleni moja.

Mwezi wa tano nilienda kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa, nyumbani kwa mmoja wetu. Chai ililetwa, sukari imeshatiwa ya kutosha, na mandazi. Utakataaje chai ya mtu? Nikanywa kikombe kizima. Haikupita robo saa moyo ukaanza kukimbia, jasho likanimwagika, chumba kikazunguka, nikalala sakafuni miguuni pa wageni. Karatasi ilikuwa imeonya kuhusu sukari, na nilikuwa nimeitafsiri mwenyewe. Lakini wale kina mama hawakuwa wamesoma karatasi yangu. Waliona tu mwanamke aliyekuwa mnene kama gunia, ambaye kwa miezi mitatu amebaki shingo, na sasa anaanguka.

Miaka hiyo mtu akikonda huku Eastlands, hakuna aliyeuliza alikuwa anakula nini. Walishajua. Nilipimwa kliniki na sikuwa na virusi vya ugonjwa huo. Lakini karatasi ya vipimo huwezi kuivaa kifuani. Mkutano uliofuata nilipewa kikombe cha plastiki, wengine wote wakanywea vya udongo. Sikurudi tena.

Nthoki, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye tulikuwa tukichambua ndengu pamoja kila Jumamosi, alianza kunipitia mbali. Siku moja mferejini, kina mama wamejipanga na mitungi, alinitupia mzaha ili wenzake wasikie.

"Mama Vivian, shika mti hapo. Kuna upepo leo."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, ili nisiwe nje ya kicheko.

"Nthoki, si ulikuwa ukiniambia nikikaa kwenye benchi wewe unaruka juu? Sasa hauruki, unalia nini?"

"Aki mimi silii. Nauliza tu utaacha kupungua ukifika wapi."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, wala halikuwa mzaha. Nililibeba nyumbani na maji yangu.

Kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Nywele zilikuwa zikibaki kwenye kichana kama nyasi kavu. Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, nikawa navaa kandambili nisijue kama imechomoka au bado iko. Kulikuwa na sindano ya kila mwezi niliyoandikiwa, ya vitamini, ya maisha yote. Nilipoona nimepungua na pumzi haikatiki tena, niliacha kwenda. Nilijiona nimepona. Mtu aliyepona anadungwa ya nini?

Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja niliinua mtungi mferejini na miguu ikakataa. Nilianguka, maji yakamwagika mpaka mlangoni kwa Nthoki. Vivian alikuwa ameshika gauni langu, akaanguka na mimi, akapasuka kidevu.

Ni Nthoki aliyenipeleka mpaka kliniki. Njia nzima mkono wake ulikuwa umenishika kiunoni kwa nguvu, na nilikumbuka kwamba tangu mwezi wa tano hakuna mtu mzima aliyekuwa amenigusa mchana.

Sista Phelister, nesi wa hapo, alimshona Vivian nyuzi mbili, kisha akanigeukia. Akanivuta kope ya chini, akanikuna nyayo kwa kalamu. Sikuhisi.

"Sindano umeacha tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita, Sista."

"Mayai?"

"Kila siku napika."

"Sikukuuliza kama unapika. Hata mimi napika. Nani anayala?"

Nikamwangalia Vivian. Vivian akainua kidevu chake kilichofungwa bandeji na kusema yeye.

Sista aliketi. Hakunikaripia, ningependa angenikaripia. "Sikiliza, msichana wangu. Tumbo lako ni dogo kama yai. Asubuhi unalijaza chai, mchana ugali, jioni mchuzi. Limejaa, na wewe una njaa. Huwezi kuisikia njaa hiyo kwa tumbo, unaisikia kwa miguu. Anza na yai, au ndengu, au samaki wadogo wa omena, au maini yakipatikana. Mboga baadaye. Ugali mwisho, kama kuna nafasi. Tembe hizi umeze, sindano uje. Lakini sindano si chakula. Mwili usipopewa nyama unakula nyama yake yenyewe."

Nikasema ndiyo. Nikaenda nyumbani. Alfajiri nikachemsha yai, nikaliweka mbele yangu, nikalitazama likipoa. Nikampa Vivian.

Habari za kuanguka kwangu zilifika kwa wakwe zangu Bungoma kabla ganzi haijapanda kifundoni. Jumatano mama mkwe wangu alishuka na kikapu chenye kuku jike aliyetoa kichwa nje, na mayai saba yaliyofungwa kwa majani ya migomba. Ni mwanamke mrefu, mkimya, anayeketi kama amekuja kutoa ushahidi. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Mama Vivian."

"Mama. Karibu."

"Nimekaribia." Halafu akatazama ukuta.

Jioni hiyo, kabla Simiyu hajaenda kazini, nilimpika yule kuku. Firigisi nikampa Simiyu kama ilivyo desturi, paja nikamwekea mama, bawa nikampa Vivian. Mimi nikakaa kwenye kistuli karibu na stovu na ugali kidogo na mchuzi. Ugali ulinijaza kwa matonge matatu. Nikainama kana kwamba nasafisha sufuria, nikamsikia mama akisema na mwanawe nyuma ya pazia, wala hakujaribu kupunguza sauti.

"Jumamosi nitaondoka na mtoto."

"Mama…"

"Nasari inafunga. Huko kuna maziwa, kuna watu. Huyu msichana hawezi kulea. Yeye mwenyewe anataka kulelewa. Siku atakapoanguka na mtoto karibu na moto utaniambia nini?"

Nilingoja Simiyu aseme kitu. Nilingoja mpaka mchuzi ukaganda kwenye kijiko. Alivaa koti la kazi, akaniinamia pale jikoni, akaniwekea mkono kichwani, na alipouondoa ulikuwa na nywele.

"Ni kwa muda tu, Ayuma," akasema. Akautazama mkono wake, akaufumba, akatoka.

Alhamisi nilimkuta mama akikunja nguo za Vivian. Alikuwa hana begi, basi alizipanga ndani ya gauni langu la zamani, lile la maua ambalo Vivian hulitumia kama hema, akafunga ncha nne. Nguo zote za mtoto wangu ziliingia katika gauni moja na nafasi ikabaki. Niliketi kitandani.

"Mama, sina ule ugonjwa. Nilipimwa."

"Sikusema unao."

"Unafikiri."

Akavuta fundo. "Annah wangu hakuwa nao pia. Ndivyo alivyosema. Alianza hivi hivi, nywele, kisha miguu. Mimi sina ubaya na wewe, mwanangu. Lakini nimeshamtazama msichana mmoja akiisha nikiwa nimeketi kando yake. Sitaki Vivian atazame."

Annah alikuwa dada yake Simiyu. Sikuwahi kumwona; alizikwa mwaka mmoja kabla sijaolewa. Nilitaka kusema mimi si Annah, mimi nimekatwa tumbo, kuna karatasi. Lakini maneno ya karatasi hayana nguvu mbele ya mtu anayekumbuka. Nikaona kwamba kitu pekee ambacho angekiamini ni kile ambacho angekiona.

Usiku huo sikulala vizuri. Mama na Vivian walilala kitandani, mimi mkekani. Nilikuwa nikimsikia mtoto akipumua kwa pua iliyoziba, nikawa nafikiria chumba hiki Jumapili, mimi na stovu, na yai la kumpa nani.

Ijumaa, saa kumi na moja, niliwasha stovu. Nikachukua mayai mawili kutoka kwenye yale ya Bungoma.

Mayai mawili yakichemka hayasikiki kama moja. Yanagonga sufuria, yanagongana, kama watu wanaobishana chini ya blanketi. Nilijua kitandani kuna mtu aliyeamka, maana pumzi yake ilibadilika. Nikawasha taa.

Nilimketisha Vivian mezani, nikamwekea yai lake. Nikavuta kiti. Kwa muda wa miezi tisa nilikuwa nikila kwenye kistuli, mgongo kwa watu. Sasa niliketi nikiwa nimetazama kitanda, nikalimenya yai la pili, nikalinyunyizia chumvi.

Mama aliinuka akakaa. "Hilo la Simiyu?"

"La Simiyu liko kwenye kikapu, Mama. Hili ni langu."

Akashusha miguu sakafuni.

"Nyanya yako alikufundisha nini?"

"Alinifundisha vizuri, Mama. Nisamehe. Kama unaona haya kunitazama, geuka. Lakini nitalila."

Na kweli aligeuka. Akautazama ukuta ule ule alioutazama siku ya kwanza.

Nilikata kipande kama ukucha wa kidole gumba, nikakitia mdomoni. Koo likajifunga. Machozi yakanitoka, si ya huzuni, ya mwili tu. Nikakumbuka kutafuna. Karatasi ilisema mara ishirini na tano.

"Mama, unafanya nini na mdomo?" Vivian akauliza.

Nikamwonyesha vidole, kwamba nahesabu. Akafurahi, maana kuhesabu ndiyo kazi yake kubwa huko nasari. "Moja! Mbili! Tatu!" Alifika ishirini akakwama, akarudi moja. Nikatafuna tangu mwanzo. Alipofika kumi na mbili koo lilichoka kukataa, na yai likashuka.

Kipande cha pili. Moja, mbili, tatu. Nje mitungi ilianza kugongana mferejini, nikasikia sauti ya Nthoki akimwita mtoto wake. Kipande cha tatu. Sijui ilichukua muda gani. Yai la Vivian lilikuwa limekwisha zamani, naye alikuwa ameegemeza kidevu chenye bandeji mezani, akihesabu kwa sauti ya usingizi.

Katikati ya kipande kimoja, mama alisema, bado uso wake uko ukutani:

"Annah aliniomba yai."

Niliacha kutafuna.

"Mwishoni. Hakuwa anataka kitu kingine. Nikamwambia, mwanamke mzima, utaniaibisha mbele ya kaka zako." Alivuta leso akaifunga upya, ingawa ilikuwa imefungwa sawa. "Kuku walikuwa wanataga mpaka chini ya kitanda chake."

Vivian alisema, "Mama, umeacha. Kumi na tatu."

Nikaendelea.

Nilipofika nusu, mama alikuja akaketi kiti cha pili. Hakuniangalia mdomoni. Aliangalia sahani, jinsi yai linavyopungua.

"Na baada ya hili?"

"Nusu saa ndio ninywe maji. Saa nne ndengu zilizopondwa. Mchana omena na mboga ya sukuma. Saa tisa maziwa mala. Jioni maharagwe. Kabla ya kulala kikombe kidogo cha maziwa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na Jumatatu sindano."

"Peke yako unakula hivyo? Mara sita?"

"Peke yangu."

Aliguna. Akaangalia lile furushi la gauni la maua kando ya mlango. "Basi la kesho sitapanda," akasema. "Nitakaa wiki mbili. Nitakaa hapa, kwenye kiti hiki, nione. Miguu yako ikizidi kufa, nitaenda naye, na hutalia. Ikianza kuamka, nitarudi na kikapu changu."

"Sawa, Mama."

"Na hizo ndengu nitaponda mimi. Wewe ulivyo utatuachia mawe."

Sikutegemea muujiza. Sista alikuwa ameniambia neva huchukua miezi kurudi, na nyingine hazirudi. Kulikuwa bado na kipande kimoja kwenye sahani, na koo langu lilikuwa bado linafikiria. Nilikitia mdomoni. Vivian akahesabu mpaka ishirini, na safari hii mama mkwe wangu ndiye aliyemsaidia, polepole, kama mtu anayevuka mto akijaribu kila jiwe: ishirini na moja, ishirini na mbili.

Mlango ukasukumwa. Simiyu aliingia na harufu ya mafuta ya mashine, akasimama pale kizingitini na koti mkononi. Alimwona mama yake mezani, akaniona mimi kwenye kiti, si kwenye kistuli, akaona maganda ya mayai mawili. Mimi nilikuwa bado natafuna.

Vivian akageuka kwenye kiti.

"Baba, Mama amekula yai lake."